Mwalimu Aliyetaka Tuseme Nyoka

Kabla ya kuingia chooni, Mwalimu aligonga mlango kwa fimbo, akasubiri, akagonga tena, ndipo akafungua taratibu na kuchungulia kila pembe. Mgeni aliyemwona kwa mara ya kwanza alidhani ndani kuna mtu.

"Yumo nani?" mgeni akauliza.

"Sijui," Mwalimu akajibu. "Ndiyo maana nagonga."

Viatu vyake alivikung'uta kila asubuhi hata kama vililala juu ya meza. Neti aliichomeka chini ya godoro hata kiangazi, wakati mbu wenyewe wamehama. Shambani hakukanyaga bila buti za mvua, na jua la huku Sibwesa mnalijua, miguu ilikuwa inatoka humo imesinyaa kama imepikwa. Wanafunzi wakamwita Mwalimu Buti. Alijua, wala hakukasirika. "Buti linazuia meno," alisema. "Jina halizuii kitu."

Wajukuu zangu, mnajua mimi jina la mtu silisahau. Mkitaka nitawatajia kila mama aliyekuwa kwenye foleni ya maji mwaka ule, na majina ya watoto waliowabeba mgongoni. Lakini jina la Mwalimu sitaliandika. Nilipomwambia nataka kuwaandikia nyie habari zake alicheka, akasema, "Andika Mwalimu, inatosha. Kifutu ndiye umtaje jina." Basi namtii. Shule niliishia darasa la pili, kusoma kwa kunyooka nilijifunza ukubwani kwenye darasa lake la akina mama, kwa hiyo nikikosea herufi mtavumilia.

Kifutu ndiye aliyetukutanisha mimi na yeye, ingawa mimi kwa miaka mingi sikuweza kumtaja. Kwetu nyoka hatajwi. Mama yangu alinipiga kofi nikiwa mdogo kwa kusema neno hilo karibu na jiko. Alisema ukimwita atakuja. Nyoka anaitwa kamba. Ukimwona unasema, "Kamba!" na kila mtu wa nyumbani anajua ni kamba gani, anaruka. Nilikua hivyo, nikaolewa hivyo, nikazaa baba zenu hivyo. Neno lile lingine lilikaa ndani ya kinywa changu kama limefungiwa.

Mwalimu alikuja akatukuta tunasema hivyo. Alifundisha sayansi. Siku alipofika kwenye somo la nyoka alimchora kifutu ubaoni mkubwa, kwa chaki nyeupe na kahawia, na sisi akina mama tuliokuwa tunapika uji wa shule tukaja kuchungulia dirishani. Nilivyomwona Mwalimu nilishangaa. Alimaliza kichwa, akarudi nyuma mpaka akagusa dawati la mbele, akawa anafundisha akiwa huko, hasogelei mchoro wake mwenyewe. Alikuwa mwoga wa nyoka kuliko sisi sote. Na hakuna mtu aliyemjua nyoka kuliko yeye.

"Mtazameni," alisema. "Mfupi, mnene kama mkono wa baba yako. Kichwa kipana, shingo nyembamba. Mgongoni ana alama kama herufi V, moja nyuma ya nyingine mpaka mkiani. Rangi yake ni ya majani makavu. Mnaelewa maana yake?"

"Anafanana na majani, Mwalimu."

"Anafanana na majani. Wengine wakisikia unakuja wanakimbia. Huyu hakimbii. Anatulia, anategemea humwoni. Ukimkaribia sana anajaza pumzi, anavimba, anatoa sauti kama tairi ya baiskeli inayovuja. Ukisikia tairi inavuja na baiskeli haipo, simama hapo hapo."

Watoto wakacheka. Yeye hakucheka.

Akawaambia kwamba anapenda kulala njiani jua linapoinama, kwa sababu udongo bado una joto. Hatagi mayai, anazaa watoto hai, kundi zima kwa mara moja, na kila mtoto anazaliwa na sumu yake. Anatembea amenyooka kama kiwavi, polepole, mtu akaona ni mvivu. Akaweka chaki chini. "Lakini kuuma si mvivu. Jicho lako haliwezi kufuata. Utaona ameshauma."

Hayo yote watoto waliyashika. Sisi wa dirishani tulitikisa vichwa tukarudi kwenye sufuria, tukaendelea kusema kamba.

Sasa niwaeleze siku ya Nyanzala.

Msimu ule zilikuwa zimefika familia za wafugaji kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wakajenga ng'ambo ya kijito. Nyanzala alikuwa mke wa Masanja, msichana tu, ana bangili za shaba mkono mzima, Kiswahili chake cha kuokoteza. Asubuhi hiyo tulikuwa pale kwenye pampu ya maji, karibu na uzio wa shule. Nyanzala akaja anahema, akatuamkia kwa heshima, akauliza, "Mama zangu, hamjaona ndama? Amekata kamba, amekimbia nayo."

Tukamwambia hatujaona. Akaanza kuzunguka kwenye majani, anaangalia chini.

Mama Justina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyemwona kifutu kwanza. Alikuwa amelala kando ya mguu wa yule msichana, kwenye majani makavu. Mama Justina akapiga kelele kwa sauti yake yote, kama alivyofundishwa na mama yake, kama ambavyo hata mimi ningepiga:

"Kamba! Kamba hiyo hapo, mguuni kwako!"

Uso wa Nyanzala ulifurahi, wajukuu zangu. Huo uso sijausahau. Akasema, "Asante mama," akainama, akanyosha mkono kuiokota.

Sikuona kifutu anauma. Niliona mkono wa Nyanzala umerudi kifuani kwake, na yeye anauangalia kama si wake.

Mwalimu alisikia kelele akatoka darasani na buti zake. Alisimama mbali kidogo, rangi imemtoka. "Nyoka yuko wapi?"

"Kamba iko pale," Mama Justina akamwonyesha.

Mwalimu akazunguka kwa mbali, akamshika Nyanzala mabega, akamsogeza, akamketisha. "Usikimbie. Usisimame. Tulia, mwanangu. Ukihangaika sumu inakimbia na damu." Kisha akatugeukia. "Hakuna mtu amfuate nyoka! Ni kifutu, nimemwona, inatosha kwa daktari."

Akaanza na bangili. Mimi nilidhani amechanganyikiwa, mtu anakufa na yeye anavua mapambo. Lakini mkono ulikuwa tayari unaanza kujaa kama unga wenye hamira, na shaba haivutiki. Vidole vya Mwalimu vikawa vinateleza. "Sabuni!" akasema. Nikampa povu kutoka kwenye beseni langu la nguo. Akazivua moja moja, Nyanzala analia kimya kimya, na ya mwisho ilipotoka ilikuwa imeshachora ngozi mstari wa bluu. Nikaelewa. Ingebaki, mkono ungenyongwa na bangili yake wenyewe.

Masanja akafika anakimbia, kisu mkononi. "Mayu wane, mama yangu! Nipeni nafasi nichanje, sumu itoke!"

"Kisu weka chini," Mwalimu akasema.

"Ni mke wangu!"

"Ni mke wako, ndiyo maana nakwambia weka chini. Ukichanja utamwongezea kidonda, na sumu haitoki. Wala usinyonye kwa mdomo."

Masanja alibaki na kisu kimeinuliwa. Alikuwa mwanaume mrefu, Mwalimu anamfika kwapani. Tukaogopa atamsukuma. Hapo hapo Mama Justina, maskini, anataka kusaidia, akawa amepata kipande cha kamba ya kuchotea maji, anakuja nacho mbio. "Tumfunge mkono, isipande!"

Mwalimu akamwangalia. "Kamba tena? Mama Justina, leo kamba imetosha. Ukifunga kwa kukaza, mkono utaoza."

Alichofanya yeye ni kuagiza rula ya ubao, ile ndefu ya mbao, akaulaza mkono wa Nyanzala juu yake, akauzungushia kitenge cha msichana mwenyewe kwa ulegevu, ili usichezecheze njiani. Pesambili, kijana wa bodaboda, akaleta pikipiki. Wakampakia Nyanzala katikati, Mwalimu nyuma amemkumbatia na kushika ile rula, wakaondoka kwenda Mpanda, hospitali, kwenye dawa ya sumu ya nyoka. Masanja akabaki barabarani na kisu chake, hajui akiweke wapi.

Sisi tulibaki na rundo la bangili kwenye povu. Hakuna aliyemaliza kufua.

Mwalimu aliporudi alikuja kwangu moja kwa moja, bado ana vumbi la safari kwenye nyusi. Nyanzala alikuwa hai, amepewa dawa, ila kidole kimoja kisingepona. Nilimwekea chai hakuinywa.

"Mama Paskali," aliniambia, "njia nzima nilikuwa naangalia rula. Niliogopa nikimwangalia usoni nitamwonyesha ninavyoogopa. Tumefika njia panda akaniuliza swali. Akasema, Mwalimu, kwa nini yule mama aliniambia ni kamba?"

Nikaichukua ile chai, nikaimwaga nje.

"Nikamwambia tu, tulia, mwanangu," akasema.

Kuanzia hapo ndipo alipopata ule ukaidi ambao wengi wanamkumbuka nao. Alipita nyumba kwa nyumba, jioni baada ya vipindi, fimbo mkononi, buti miguuni. "Nyie, semeni nyoka. Tafadhali. Mgeni hajui kamba yenu."

Wazee walimkatalia. Mama Justina ndiye aliyekataa kwa hasira zaidi, kwa sababu alikuwa analia usiku kwa ajili ya mtoto wa watu.

"Nilimwambia!" alisema. "Mbele ya wote nilimwambia! Kama hakuelewa ni mimi?"

"Sio wewe. Ni neno."

"Unataka tumwite aje atumalize?"

"Hana masikio ya nje kama yetu, Mama Justina. Anasikiliza ardhi ikitetemeka, kwa mwili wake. Harufu anaionja kwa ulimi. Jina lake hajui, si kwa Kiswahili wala kwa Kibende chenu. Nani alimfundisha?"

"Si wewe unasema shule yako inafundisha wote!"

Hapo hata Mwalimu alicheka, akakaa chini kwenye kigoda, akala karanga za Mama Justina mpaka giza likaingia, kisha akaogopa kurudi nyumbani peke yake, tukamsindikiza wawili na tochi. Huyo ndiye alikuwa Mwalimu. Anakuja kukufundisha usiogope neno, halafu anakushika mkono njiani asikanyage jani.

Uwanja wake haukuwa na jani hata moja. Kuni alizipanga mbali na ukuta, mahindi aliyaweka juu ya kichanja, na aligombana na kila jirani aliyemwaga pumba karibu na mlango. "Pumba inaita panya. Panya anamwita kifutu. Wewe ndiye uliyemwita, na jina lake hujalitaja!" Lakini siku wanaume walipokuja na majembe kumuua kifutu aliyeonekana kwenye bustani ya shule, aliwazuia njiani na zile buti zake.

"Unamwonea huruma?" Masanja akamwuliza.

"Nawaonea huruma nyie. Wengi wanaumwa wakimfukuza. Mwacheni aende, watoto nimeshawatoa."

Hawakumwelewa. Mimi mwenyewe nilichelewa kumwelewa.

Shuleni alianzisha sheria. Mtu akiita "Nyoka!", kila aliyesikia anaganda pale alipo, mguu ukiwa hewani ubaki hewani. Aliyeita anasema yuko wapi. Kisha unarudi nyuma ulikotoka, taratibu, bila kurukaruka. Watoto waliigeuza mchezo wa mapumziko. Siku moja mmoja wao, Festo, akaita kwa kumtania wakati Mwalimu anavuka uwanja na kikombe cha chai. Mwalimu akaganda. Akasimama jua kali, chai mkononi, macho yanazunguka, anasubiri kuambiwa nyoka yuko wapi, na Festo anaona haya kusema hayupo. Mpaka chai ikapoa.

Tulitegemea fimbo. Mwalimu hakumpiga. Alimwambia tu, mbele ya darasa, "Festo, mimi nimeliamini neno lako. Nikishindwa kuliamini tena, kesho utaniita kwa lipi?" Festo sasa ni baba wa watoto, na hadi leo hafanyi utani na neno hilo.

Kwenye darasa letu la akina mama alitusemesha mmoja mmoja. Wengine walilisema. Mama Justina alilisema siku Nyanzala alipoingia darasani kwa mara ya kwanza, mkono una vidole vinne. Alilisema kwa sauti akimwangalia, kisha akatoka nje, na Nyanzala akamfuata. Mimi ilipofika zamu yangu nilichezesha midomo tu.

"Mama Paskali, bado?"

"Bado, Mwalimu. Limekwama."

"Haya. Nitasubiri."

Alisubiri mpaka akastaafu. Alisubiri mpaka macho yake yakaanza kufunga ukungu, akawa ananitambua kwa sauti. Kila wiki alikuja kwangu kwa njia ile ya nyuma ya zizi, anapapasa na fimbo yake. Mnaijua njia hiyo. Pale ndipo nilipomfungia mbuzi wangu, na kamba yake ilikuwa inakatiza njiani. Siku ya kwanza Mwalimu alijikwaa akaanguka na magoti. Tukakubaliana: akikaribia, nitaita, "Mwalimu, kamba!" naye atainua mguu juu na kuvuka. Tukazoea hivyo. Mimi nikiwa nimekaa barazani napukuchua mahindi naita, yeye anainua mguu kama jogoo, anavuka, tunacheka.

Mara ya mwisho alipokuja kwa miguu yake ilikuwa baada ya mvua kukatika, jua limeanza kuinama. Nilimwona anatoka nyuma ya zizi. Safari hii alikuwa na kandambili. Buti zilikuwa zimemchosha, aliniambia baadaye, miguu ilikuwa imevimba. Anakuja polepole, fimbo inagusa huku na huku.

Mbuzi nilikuwa nimemhamishia upande wa kulia, kamba haikuwa njiani. Niliona kitu kimelala pale pale kamba inapolalaga. Kimenenepa. Kina alama mgongoni.

Niliinuka, mahindi yakamwagika. Kinywa kikafunguka chenyewe na neno la mama yangu likatangulia.

"Mwalimu, ka—"

Na mguu wake ukainuka. Alikuwa ameshanielewa. Aliuinua juu, kama kawaida, ili avuke, na kisigino kikaanza kwenda mbele, juu ya kile kitu.

"Nyoka!"

Sikuitambua sauti. Nilidhani amesema mtu mwingine.

Mwalimu aliganda. Mguu mmoja hewani, kandambili inaning'inia kwenye kidole gumba, mwili mzima umeegemea fimbo. Mzee yule, peke yake, kwenye mguu mmoja. Nikasikia sauti ya tairi inavuja.

"Yuko wapi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya darasani, ila midomo ilikuwa inacheza.

"Mbele yako. Chini ya huo mguu. Usishushe!"

"Sishushi. Amejikunja?"

"Amejikunja. Amevimba."

"Kifutu?"

"Kifutu."

"Niambie nyuma yangu kuna nini."

"Hakuna kitu. Ni njia uliyopita. Rudisha mguu, Mwalimu. Polepole. Rudisha tena. Sasa weka."

Akauweka. Fimbo ikamfuata. Akarudi hatua, akarudi nyingine, mimi nikimwelekeza kutoka barazani, sauti yangu ikiwa ndiyo macho yake. Kandambili ilidondoka akaiacha. Alipofika kwenye ukuta wa zizi nikamwambia asimame, akasimama, jasho linamtoka kama amebeba debe la maji kutoka kijitoni.

Tulikaa hivyo, yeye kule, mimi huku, kifutu katikati yetu. Hakuna aliyemtupia jiwe.

"Anafanya nini?"

"Amelala tu."

"Mwache. Hana haraka."

Tukangoja. Mwishowe akapungua ule uvimbe, akajinyosha, akaanza kwenda kwenye majani upande wa shamba.

"Anaondoka," nikasema.

"Anaendaje?"

"Amenyooka. Kama kiwavi."

"Ndiye," akasema Mwalimu, na hapo ndipo alipouegemea ukuta. Nikazunguka kwa mbali nikamfuata, nikamshika kiwiko. Alikuwa baridi. Nikamwokotea kandambili kwa ncha ya fimbo, nikaikung'uta mbele yake ili asikie nimeikung'uta.

"Mama Paskali, uliniita ukasemaje?"

"Si umesikia."

"Masikio nayo yamezeeka. Rudia."

Nikarudia. Nililisema pale njiani, mchana kweupe, na hakuna kitu kilichokuja.

Akatikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya mwanafunzi anapopata. Kisha akanyosha fimbo yake mbele, akapapasa hewa.

"Haya. Na kamba iko wapi?"

"Kamba ya mbuzi iko kulia kwako, na leo tunapita huko. Hatua moja."

Akainua mguu juu, akavuka.